Sauti Iliyomsomesha Islande

Shangazi Altagras alikuwa uani akiponda shelisheli. Bila kuinua uso akasema, "Vaa viatu uende kwa mzee Tanislas kabla giza halijaingia. Kuna kitu chako huko."

"Kitu gani?"

"Dawa ya kichwa."

Islande akafunga kitabu. Hata hivyo hakuwa anasoma. Tangu mchana macho yake yalikuwa kwenye ukurasa ule ule, mchoro wa moyo wa binadamu, na hakuna kilichoingia. Mtihani wa mwisho wa shule, ule ambao watu wa mji wa Jérémie huuita baka, ulikuwa wiki ijayo. Mwaka jana alianguka. Mwaka huu walimu waligoma miezi mizima, naye akajidanganya kwamba muda upo, mpaka Juni ikamshika na madaftari yaliyofungwa. Sasa alichokimeza asubuhi, jioni kilikuwa kimeshapotea. Chakula hakikushuka. Nywele zilibaki kwenye kitana.

"Ukizidi kukonda hivyo, msimamizi atakuandika hukufika," shangazi alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Safari hii hatuanguki, mwanangu."

Njia ya kwenda kwa Tanislas ilipanda ukingoni mwa makaburi. Mjini walisema mzee huyo anafanya kazi kwa mikono yote miwili. Kwa mkono mmoja aliponya watu. Wa pili watu hawakuuzungumzia.

Alimkuta mlangoni, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anamenya mbaazi. Nyumba ilinuka klereni, ile pombe kali ya miwa, na udongo uliotoka kuchimbwa.

"Mtoto wa Altagras," alisema. Akaingia ndani, akatoka na chupa iliyofungwa kwa kitambaa cheusi. Mdomo wa chupa ulikuwa umezibwa kwa nta.

"Iweke chini ya meza unaposoma. Soma kwa sauti. Usiku iwekee chakula kidogo pembeni, kisichotiwa chumvi. Umenisikia? Chumvi isiikaribie. Mtihani ukiisha, uirudishe wewe mwenyewe."

Islande aliipokea. Ilikuwa nyepesi kama chupa tupu. Lakini ilikuwa na baridi, na baridi ile ilimfuata mkononi mpaka nyumbani.

Umeme haukuwepo, kama kawaida. Aliwasha taa ya mafuta, akaisukuma chupa kwa mguu chini ya meza, akaanza kusoma kwa sauti huku akijiona mjinga.

"Damu yenye hewa safi hutoka upande wa kulia wa moyo, ikaenda..."

Tik. Tik.

Alinyamaza. Ilikuwa kama ukucha unaogonga kioo.

"Damu yenye hewa safi hutoka upande wa kulia..."

Tik. Tik. Tik.

Kisha, kwa mbali, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi: "Kushoto."

Islande alikimbia mpaka jikoni. Shangazi alimwangalia, akaangalia mlango wa chumba, akarudi kwenye sufuria yake. "Rudi ukasome," alisema tu.

Alirudi. Alirudi kwa sababu ya mtihani. Hakuwa na sababu nyingine. Akasoma akiwa amesimama, mgongo ukutani. Alipokosea, ukucha uligonga. Alipokwama, sauti ilimtangulia neno moja, akalishika, akaendelea. Alipofunga kitabu alijaribu kulikumbuka somo zima, na somo likaja lote, kwa mpangilio, kama nguo zilizokunjwa sandukuni.

Usiku ule alilala. Asubuhi alikula ndizi za kukaanga sahani nzima. Kila jioni aliketi tena mezani, na kila jioni sauti ilizidi kusogea. Ilimpitisha kwenye mimea, kwenye vita vya uhuru, kwenye falsafa. Shangazi alianza kuimba akiosha vyombo.

Islande hakujiuliza sauti ile ni ya nani. Alikuwa na jibu. Hakutaka kulitazama.

Jioni ya mwisho kabla ya mtihani, akiwa anapitia historia, alikosea jina la jemadari. Ukucha ukagonga, na sauti ikacheka kidogo, puani.

"Lala, jamani. Hilo tulishalisoma."

Kalamu ilimdondoka.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa anamwita Lala. Kettly. Walikaa dawati moja tangu darasa la watoto. Mwaka jana kukosa ada kulimzuia kuingia mtihani, wakarudia mwaka pamoja. Kettly, wa kwanza wa darasa kila mwaka, aliyezoea kugonga meno kwa ukucha mwenzake anapokosea. Mwezi wa Machi homa ilimshika asubuhi, na jua lilipozama alikuwa ameshafunikwa shuka. Walimzika upesi, kwa sababu ya joto. Mzee Tanislas alikuja mazikoni na shati lake jeupe, akabaki makaburini wengine wote walipoondoka.

"Kettly?" alinong'ona.

"Nini?"

"Uko wapi?"

"Sijui. Hakuna taa. Umeme umekatika tena, sivyo?" Sauti ilikuwa imechoka, kama ya mtu aliyeamshwa kila mara anapokaribia kusinzia. "Lala, mtihani ni lini?"

"Kesho."

"Wangu pia. Mama amenipigia pasi sare?"

Islande aliziba mdomo kwa kiganja. Mama yake Kettly alikuwa amemzika na sare ile.

"Tuendelee," Kettly alisema. "Nimechoka, lakini tuendelee. Bado falsafa. Wewe bila mimi utaanguka."

Na ilikuwa kweli. Hicho ndicho kilichomtisha kuliko sauti yenyewe. Siku nne za mtihani zilikuwa mbele yake. Ingetosha kunyamaza, kumwacha Kettly aamini kwamba umeme umekatika, na kumrudisha kwa Tanislas akishamaliza. Naye mzee angempa nani baada ya hapo? Mtoto mwingine mwakani. Na mwaka ule mwingine. Kettly angesomesha watu gizani, akisubiri mtihani wake.

Islande alifungua kitabu cha falsafa. Akakifunga.

Akaenda jikoni na kurudi na chumvi ya mawe kwenye kiganja. Wazee walisema chumvi humfungua maiti aliyefungwa.

Nta ilimsumbua, alitumia kisu. Kizibo kilipotoka, chumba kilijaa harufu ya mafuta ya mbarika, yale ambayo Kettly alipaka nywele zake kila Jumapili. Ndani hakuna kilichoonekana.

"Unafanya nini?" Kettly aliuliza.

"Samahani," Islande alisema, akadondosha chumvi.

Chupa ilitulia.

Kisha sauti ikatoka, safari hii si kutoka ndani ya chupa. Ilikuwa karibu na shavu lake, na ilikuwa na pumzi.

"Ah..."

"Kettly?"

"Kumbe mimi sifanyi mtihani."

Mwali wa taa ulilala upande mmoja kama umepulizwa, ukasimama tena. Uani mbwa alilia mara moja akanyamaza. Baridi ya chupa iliisha mkononi mwake polepole, mpaka ikawa kioo tu.

Siku nne aliingia chumba cha mtihani peke yake. Aliandika alichokuwa nacho. Alipokwama, hakuna aliyegonga. Mara nyingine jibu lilikuja, mara nyingine alilisubiri likaja limechelewa, na hakujua lipi ni lake na lipi aliachiwa.

Mtihani ulipokwisha, shangazi alimkabidhi chupa ikiwa imefungwa upya kwenye kitambaa. Alikuwa ameona nta imekatwa. Akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Ulijua ni nani?" Islande alimwuliza.

"Sikuuliza." Shangazi alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya aproni. "Nilitaka ufaulu. Mzee aliniambia ana kitu cha kukusaidia, nikasema sawa. Ukienda, mwombe radhi. Usibishane naye."

Jua lilikuwa linazama Tanislas alipoipokea. Hakufungua kitambaa. Aliipima tu mkononi, juu, chini.

"Ulimwonea huruma," alisema.

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Rafiki yako."

"Ndiyo, mzee."

Hakukasirika. Hilo Islande alilikumbuka baadaye kuliko yote, jinsi ambavyo hakukasirika. Alichota maji kwenye pipa, akasuuza chupa taratibu, akamwaga, akasuuza tena, akanusa mdomo wake kuhakikisha. Akaichomeka kwenye kigingi cha ua, kichwa chini, ikauke.

"Mtihani umeuonaje?"

"Sijui."

"Umesoma lakini. Na mwisho umefanya mwenyewe." Alimtazama kwa mara ya kwanza usoni, kwa upole, kama mwalimu. "Mimi nahitaji mtu aliyesoma vizuri. Aliyeanguka hanifai. Nenda kapumzike, mwanangu. Tutasikia redioni."

Wiki zilizofuata zilikuwa za kusubiri. Wenzake walikuwa wanawasha mishumaa kanisani wafaulu. Islande naye aliwasha, akapiga magoti, akaomba kinyume chao, kitu ambacho hakuthubutu kumwambia mtu yeyote.

Majina yalisomwa jioni moja ya Agosti. Shangazi aliweka redio dirishani, na majirani wakasimama uani na vikombe vyao. Mtangazaji alisoma taratibu, shule baada ya shule. Kulikuwa kimya sana hata Islande akaisikia redio nyingine, juu, upande wa makaburi, sauti yake imepandishwa mpaka mwisho, inasema majina yale yale.

Jina lake likatajwa. Amefaulu, na kwa alama za juu.

Shangazi alijifunika uso kwa aproni akalia. Majirani walimkumbatia Islande mmoja mmoja, wakimwambia anatetemeka kwa furaha.

Huku chini redio iliendelea na majina mengine.

Kule juu ilikuwa imeshazimwa.