Maikrofoni Ndani ya Kanga

Haya yalimpata rafiki yangu Fridolin, mpiga zeze wa Kibaoni, masika ya mwaka hamsini na sita, naye alinisimulia mara moja tu. Padri alimwazima mashine ya kunasa sauti, betri ya gari na maikrofoni mbili, arekodi nyimbo alizokuwa akipiga na marehemu mkewe, Theodosia. Mkewe alikuwa mpiga kayamba. Fridolin akipotea katikati ya wimbo, mkewe alimtikisia kayamba mara mbili kumrudisha. Siku ya maziko, Margareta, mdogo wa marehemu, alilipasua kayamba hilo akamwaga punje zote kaburini.

Asubuhi ya kurekodi, maikrofoni ya kwanza ililifanya zeze likwaruze kama msumeno. Ya pili ikanasa zaidi mvua ya kwenye bati kuliko zeze lenyewe. Fridolin akairudia ya kwanza, akaizungushia kanga ya Theodosia kupunguza ukali, akapiga. Katikati akapotea, akanyamaza. Kisha akaingia tena, asijue amepataje pa kuanzia.

Margareta alikuwa barazani akipepeta mchele. Fridolin alipoufungulia utepe alionasa, Margareta aliweka ungo chini.

"Shemeji, nani amekupigia kayamba?"

"Mvua hiyo."

"Mvua haifuati wimbo."

Wakaurudisha utepe, wakaiinamia mashine. Zeze lilikuwa laini sasa, na kayamba lilikwenda nalo sambamba. Pale Fridolin alipopotea, nalo likanyamaza. Likamngoja. Halafu likatikiswa mara mbili, taratibu, na zeze likaingia.