Mwizi wa Usingizini

Mtu mwenye suti ya kijivu aliongeza mwendo.

Sindano naye akaongeza.

Abiria walikuwa wakishuka treni kwa kusukumana, mabegi yakigonga magoti. Katika vurugu ile hakuna aliyemjali bibi mnene mwenye kikapu cha kufumia, anayevuta mguu wa kulia kama mwenye baridi yabisi. Mguu ule haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa na Beretta ndogo, imefungwa juu ya kifundo.

"Sindano, anaelekea vyooni." Ilikuwa sauti ya Mpishi, mwenzake wa kazi, ikinong'ona ndani ya sikio lake.

"Namwona."

"Mkoba umejaa dawa bandia za watoto. Akiingia mle anaukabidhi."

"Haingii."

Alimgonga yule mtu begani, akamwomba radhi, akamwita mwanangu. Sindano ya kufumia ilitoboa suti na kurudi kikapuni kabla radhi haijaisha kuombwa. Mtu wa suti aliketi kwenye benchi taratibu, kama aliyekumbuka ghafla kwamba amechoka. Kidevu kikagusa tai.

"Amelala," alisema Sindano. "Mje mumbebe."

Hapo ndipo simu ya pili ilipotetemeka, ile Nokia ya kitochi aliyoishonea mfuko ndani ya shali. Namba yake aliijua mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa bado anajifunza kugawanya.

"Kitendawili," ilisema sauti nyembamba.

"Tega."

"Jana alivaa dhahabu, leo amevaa hewa."

Sindano alisimama. Watu wakampita kushoto na kulia.

"Chokoleti," alisema.

"Zote, Bibi. Zangu na zake. Mwizi tumemkamata, ni Punje. Njoo umhoji."

Simu ikakatika.

Nyumbani walimjua kama karani mstaafu wa ofisi ya takwimu, mama wa watu aliyefuma masweta yasiyomtosha mtu. Mwanzoni mwa likizo alikuwa amewaletea wajukuu wake sanduku moja moja la chokoleti: twiga, viboko na bata, kila mmoja kavikwa karatasi ya dhahabu. Kasuku, mkubwa, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, ndiye aliyetoa wazo kwamba wasile hata mmoja hadi siku ya mwisho ya likizo. Punje, mdogo wake wa miaka mitano, alikubali. Punje alikubali kila kitu alichosema dada yake. Kila asubuhi walifungua kabati, wakawahesabu wanyama wao, wakawanusa, wakalifunga.

Subira ya namna hiyo kwa watoto, Sindano alikuwa hajapata kuiona hata kwa majasusi.

Teksi, Toyota yenye mlango mmoja wa rangi nyingine, ilimshusha getini mchana wa jua kali. Mwanawe alimpokea kikapu na kumwamkia. Alikuwa daktari wa meno, mwenye meno meupe kama sahani za wageni. Mkewe alikuwa hakimu. Alikuwa anapanga vikombe sebuleni. Alasiri ile wangekuja wenzao wa kazi kunywa chai.

Wakamsimulia kwa kupokezana. Karatasi za dhahabu zilikutwa siku tatu nyuma chini ya mto wa Punje. Mtoto alikana. Ndipo Daktari akaleta tochi na kile kioo chake kidogo, akampanua kinywa mbele ya dada yake, akatazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Gego la tatu, chini, upande wa kulia. Chokoleti imeganda pale kama lami.

Hakimu naye alikaa kwenye kiti cha mwisho wa meza akatoa hukumu. Hakuna kwenda kuogelea na wenzake. Dada yake asimsemeshe. Na leo, wageni wakishapewa chai, atapanda juu ya stuli na kusema kwa sauti: mimi ni mwizi.

"Lazima aonje aibu angali mdogo," alisema Hakimu, akipangusa kijiko.

Daktari alicheka. Alisema kesi zote zingekuwa na ushahidi wa kitaalamu kama huo, mkewe angekuwa anarudi nyumbani mapema.

Sindano alicheka pia. Kazini kwake, mtu anayecheka nawe ndiye anayekuhesabia pumzi.

Punje alikuwa kitandani, ameketi, miguu haifiki chini. Alimwamkia bibi yake bila kuinua uso. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pembeni kama si wake, na pale kiganja kilipoishia palikuwa pameviringishwa kamba ya kiatu. Ncha ya pili ilikuwa kwenye nguzo ya kitanda.

"Mjukuu wangu, wamekuhukumu. Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nilikula, Bibi." Alimeza mate. "Nilikula nikiwa nimelala. Mimi sikumbuki, ila Baba ameiona kwenye jino."

"Na kamba hii?"

"Ya kuushika mkono. Usiende tena nikilala."

Alieleza kwa upole, kama anayemfundisha bibi mzee jambo jepesi. Ilikuwa vigumu kulala, alisema, kwa sababu alikuwa hajui mkono unasubiri nini. Mara nyingine alijifanya amelala ili aukamate.

"Ukajifunga mwenyewe?"

"Fundo langu lilikuwa linafunguka. Baba akanikazia."

Sindano aliinama akalitazama fundo. Maishani mwake aliwahi kufunga watu, na kufungwa pia. Lile lilikuwa fundo zuri, dogo, lisiloteleza. Fundo la mtu anayeshona fizi.

Alilikata kwa mkasi wa nyuzi.

Kisha akanawa mikono, akamwomba Punje afungue kinywa, na kwa ncha ya kidole akapapasa upande wa kulia, chini, jino baada ya jino, hadi kidole kilipofika kwenye nyama laini. Akarudia. Akatoa kidole.

Uso wake haukubadilika. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyojikunja ndani ya raba.

"Kaa hapa," alisema. "Bibi ana kazi ndogo."

Alimkuta mwanawe chumba cha kufulia, akitafuta kitambaa cha meza. Mashine ilikuwa ikizunguka. Sindano alifunga mlango kwa kisigino, akabonyeza kifungo cha juu cha sweta lake. Kifungo kile kilikuwa na masikio.

"Kitendawili."

Daktari alisema wageni wako njiani.

"Nimesema kitendawili."

"Haya, Mama. Tega."

"Shahidi hajazaliwa, na ushahidi ameshatoa."

Alifikiri, akatabasamu. Akajaribu mimba. Akajaribu kesho. Akajaribu kivuli, ambacho hakikuingia popote.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Sina mji wa kukupa leo."

"Basi nipe ukweli."

Alitoa sindano kikapuni, akailaza juu ya mashine. Ikawa inatetemeka pamoja na bati, ikitoa mlio mwembamba.

"Mtoto wa miaka mitano ana magego mawili kila upande," alisema. "La tatu lingali ndani ya ufizi. Huyo ndiye shahidi wako. Umezoea vinywa vya wakubwa, Daktari. Ulidanganya kwa mazoea."

Meno meupe yalijificha.

Alianza kwa kusema ni chokoleti tu. Sindano alimwacha aseme. Akaja na uchovu wa kazi, na kwamba yeye na mkewe walianza na bata mmoja tu, wamekaa ndani ya gari ili watoto wasisikie karatasi. Akamwacha aseme hayo pia.

"Mkeo yuko sebuleni," alisema alipomaliza. "Yeye hakimu, anajua faida ya kuwa wa kwanza kusema. Wewe unaijua?"

Mashine haikumaliza kukamua nguo kabla Daktari hajamuuza mkewe. Wazo lilikuwa lake. Hukumu ilikuwa yake. Yeye daktari aliombwa tu kushika tochi.

Mkwe alihojiwa chumbani, akipimwa sweta. Alikuwa mgumu zaidi. Aliuliza haki zake. Sindano alimwekea sauti ya mumewe sikioni, ile ya wazo lilikuwa lake, akaendelea kupima mabega.

"Ananisingizia?" alisema Hakimu kwa utulivu wa kutisha. "Mwambie akueleze nani alimwinulia mtoto kichwa usingizini akaingiza zile karatasi chini ya mto. Mimi nilikuwa mlangoni tu."

"Ukatazama."

"Mama, yule ni mtoto mdogo, atasahau. Mimi nina jina. Nikionekana mwongo mbele ya binti yangu, nitamlea kwa uso gani?"

"Na kamba umeiona?"

Hakimu alinyoosha mkono wa sweta. Halafu akasema kwamba, kusema kweli, tangu kamba ile nyumba ilikuwa imetulia.

Katika vyumba visivyo na madirisha Sindano alikuwa amewasikiliza wauza risasi na wauza sumu. Wachache walizungumza kwa sauti nyororo kiasi kile.

Akawaweka wote wawili wima, bega kwa bega, akawaeleza masharti. Stuli iko pale pale. Wageni ni wale wale. Wanaopanda ndio wamebadilika. Wakikataa, sauti zao zitasikilizwa na mkubwa wa mahakama na kila mgonjwa anayesubiri kung'olewa jino.

Daktari alianza kulia. "Mama, mimi si mwanao? Hunionei huruma?"

"Nakuonea. Mtu mwingine angekuwa sasa hivi amelala kwenye benchi."

Hakuelewa. Hakuthubutu kuuliza.

Wageni walikuja na vicheko vyao, wakapewa chai, wakasifu mapazia. Punje aliletwa akiwa amevaa shati la kwenda mbali, akaielekea stuli mwenyewe, bila kuambiwa. Sindano akamshika bega, akamketisha kwenye kiti kando yake. Kasuku alikuwa kona ya mbali, mgongo kwa ndugu yake, kama hukumu ilivyosema.

Daktari akapanda. Stuli ikalia.

Alisema. Hakimu naye akapanda, akasema. Kila neno: gari, bata, mto, karatasi, jino ambalo halipo, kamba. Walipojaribu kuruka mahali, Sindano alikohoa, nao wakarudi nyuma wakapaokota. Mgeni mmoja alianza kucheka akidhani ni mchezo wa kuigiza, akajikuta anacheka peke yake, akatumbukiza pua kwenye kikombe. Mgeni mwingine, karani wa Hakimu, alichungulia saa yake ya Casio kana kwamba ndiyo inayoongea.

Kona ya mbali, kiti kilikwaruza sakafu. Kasuku alikivuta hadi kwa mdogo wake, akaketi. 

Wazazi walishuka, wakapiga magoti mbele ya Punje. Baba alimwomba msamaha. Mama alijaribu kumshika mkono, ule wa kushoto, mtoto akauficha nyuma.

Punje aliwatazama kwa muda. Alikuwa anatafuta kitu. Uso wake ukang'aa kidogo alipokipata.

"Labda na nyinyi mlikula mkiwa mmelala," alisema. "Hamkujua."



Daktari alifungua mdomo. Mtoto alikuwa amewatengenezea mlango, akawashikia wazi, wapite. Lilihitajika neno moja tu, ndiyo, na kila mtu angerudi kwenye chai yake. Macho ya Daktari yakamtafuta mama yake.

Sindano alikuwa anafuma. Hakuinua kichwa. Sindano za kufumia zilisimama tu.

"Hapana, mwanangu," alisema Daktari. "Tulikuwa macho."

"Macho kabisa?"

"Macho kabisa."

Punje aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu mzima aliyetajiwa bei. Hakulia. Alishuka kwenye kiti, akampita baba yake, akampita mama yake, akatoka kwenda uani, na dada yake akamfuata.

Sindano alilihisi lile pigo mahali fulani chini ya sweta. Ukweli ule aliuagiza yeye, na aliyelipia alikuwa Punje. Alikunja uzi, akatia kikapuni, akawaaga wageni kwa adabu zote.

Mwanawe alimkimbilia hadi getini, macho mekundu, tai shingoni kama kamba.

"Mama, utarudi lini?"

"Mkijisahau."

Alivaa miwani yake ya jua, akavuka barabara. Mguu wa kulia hakuuvuta tena.