Shati la Kola ya Njano

Mashati meupe ya saizi yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa fundi wa lifti za maghorofa, mtu wa mabega mapana, na kampuni yao ilikuwa imetoa wafanyakazi kumi waje kubeba meza na maji kwenye matembezi ya hisani. Uwanja umefurika, spika zinakoroma, watoto wanakimbizana. Mezani pa kugawia mashati mama mmoja wa makamo, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, alipekua maboksi mara mbili, kisha akamrushia la njano. Avae hilo, alisema, asimcheleweshee foleni.

Ilifaa mtu amweleze maana ya rangi. Njano ilikuwa ya familia, wale ambao ugonjwa unaochangiwa, wa kurithi, uko katika damu yao. Nyeupe ilikuwa ya watu wa kujitolea. Na kulikuwa na aina ya tatu, nyeupe yenye kola ya njano, ya wale waliooa au kuolewa katika familia hizo. Hizo hazikuwa nyingi. Mwaka ule zilishonwa saba, na mbili hazikupata wa kuzivaa.

Aliyeshona mashati yote alikuwa binti wa kaka yake Shangazi. Asubuhi ile alivaa sketi ndefu nyeusi na raba nyeupe, nywele amezibana nyuma, na shingoni tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia, amesahau kuivua. Familia zilitangulia mbele, wawili wawili. Yeye hakuwa na mwenzake. Akaona lile shati la njano peke yake, akaenda kusimama kando yake.

"Kwenu ugonjwa umepitia kwa nani?" aliuliza walipoanza kutembea. "Kwetu kwa baba."

Hakumngoja ajibu. Alimweleza kama mtu anayesoma bei za vitambaa. Baba yake alianza kudondosha vikombe akiwa na miaka arobaini na mmoja. Baadaye miguu, baadaye ulimi, sasa ni wa kitandani. Mtoto wa mgonjwa ana nusu ya uwezekano wa kuupata, na yeye, mwaka wa ishirini na nane huu, hajapima. Fedha za matembezi zilikuwa za watafiti wanaotafuta dawa, maana mpaka sasa haipo. Alimaliza, akamtazama.

Hapo ndipo angesema kwamba yeye ni mbeba maji tu. Lakini macho ya yule binti yalikuwa yametulia juu yake kwa namna ambayo hajawahi kutazamwa, na ulimi ukamponza.

"Baba," alisema.

Baba yake alikuwa amekufa, hilo kweli. Aligongwa na lori akivuka barabara, mzima wa afya.

Basi wakapendana. Yeye akamwita Fundi, kwa cherehani yake, binti akamwita Bwana Lifti, na simu zikawa za kila mchana.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unanipenda?"

"Si nimekwambia nimekula?"

Bwana Lifti akacheka mpaka wenzake wakageuka. Alishajua kwamba kwa Fundi huo ulikuwa utani mkubwa. Tangu mama yake aondoke, binti yule alikuwa amekufa ganzi moyoni. Mama alivaa kola ya njano miaka mitatu. Mwaka wa nne aliikunja vizuri, akaiweka kitandani, akaenda zake. Fundi hakumlaumu mtu. Alipima tu ukubwa wa kitanda cha baba, akamshonea shuka mpya.

Kila Jumamosi Bwana Lifti alikwenda kumnyoa mzee ndevu. Kazi yenyewe si mchezo, kichwa hakitulii, lakini mikono yake ilizoea vitu vinavyocheza. Siku moja Fundi alisimama mlangoni akimwangalia, kisha akamwambia jambo ambalo hakuulizwa.

"Unajua kwa nini wewe nimekukubali? Huna pa kukimbilia. Hata ukiniacha mimi, huko kwenu ugonjwa upo."

Alikuwa amepanga kumwambia ukweli siku ile ile. Akaosha wembe, akarudi kwenye shavu la pili.

Miezi minane ikapita. Watafiti wakataka damu ya kila familia, na kabla ya damu ilitakiwa ichorwe ramani ya ukoo. Shangazi alikuwa na chumba juu ya duka la vifaa vya shule, kuta zote zimejaa ramani hizo: mwanamume mraba, mwanamke duara, aliyeugua anatiwa wino mweusi. Ya kwao Fundi ilikuwa karibu na dirisha. Babu mweusi, amu wawili weusi, baba mweusi. Shangazi mwenyewe duara tupu, ugonjwa ulimruka, na pengine ndiyo maana hakujipumzisha siku hata moja. Fundi naye tupu, kwa kuwa hajulikani.

Bwana Lifti akapewa karatasi na kalamu. Alichora mraba wa baba yake, mkono ukasimama.

"Tia wino," Fundi alimwambia, akiwa amemshikia karatasi isiteleze.

"Siwezi. Baba aligongwa na gari. Kwetu haupo, Fundi. Haujawahi kuwepo."

Shangazi akakaa chini. Ilibidi akumbuke boksi la mashati meupe na foleni, na mkono wake mwenyewe ukirusha lile la njano.

"Miezi minane umenisikiliza," Fundi alisema.

"Nilitaka kukwambia kila siku."

"Nipe kalamu."

Akaifunika kalamu, akairudisha kwenye droo, akashuka ngazi. Alisubiri kilio njia nzima. Hakuna kilichokuja. Alifika kwenye duka lake la ushonaji, akashona kaptula za shule kumi na mbili, zote sawasawa.

Bwana Lifti akapiga simu mchana. Niko kazini, Fundi alisema. Ikapigwa Jumapili, akasema tena yuko kazini. Baadaye hakupokea, na baada ya mwezi hazikupigwa. Alijiambia ndivyo ilivyo, mwenye pa kukimbilia amekimbia, na hata hilo halikumuuma ilivyopaswa.

Akaenda kupima peke yake. Daktari alivuta kiti karibu, akamweleza taratibu kwamba anao. Fundi akasema asante, akauliza choo kiko wapi, akaelekezwa, hakwenda. Alirudi kumalizia zipu ya gauni la mteja. Jioni alipanda kwenye kile chumba cha ramani, akaweka nukta katikati ya duara lake, alama ya mtu aliye nao lakini bado haumwi. Shangazi alilia kwa niaba ya wote wawili.

Mwezi wa nne tangu waachane, Shangazi aliteleza bafuni, mkono wa kulia ukavunjika na kufungwa plasta ngumu. Jumamosi ile Fundi alirudi kutoka dukani, akainama kumbusu baba yake, na kidevu kilikuwa laini. Kilikuwa laini kila Jumamosi. Siku zote alidhani ni Shangazi.

Akauliza nani kamnyoa. Shangazi akamtazama kama mtu aliyechoka kutunza siri isiyo yake.

"Unadhani nani? Ukitoka tu, anaingia. Hajakosa hata wiki moja. Kaniapisha nisikwambie."

"Anajua majibu yangu?"

"Hayo ni yako kusema."

"Sasa anafuata nini?"

"Muulize. Hapa anamsimulia kaka habari za lifti zilizokwama, basi."

Fundi alishika kidevu cha baba yake kwa muda mrefu. Kisha akampigia Bwana Lifti simu, akasema Jumatatu saa nne apite dukani, akakata.

Matembezi ya mwaka huo yalikuwa yamebaki siku tano. Duka zima lilikuwa vitambaa, njano upande huu, nyeupe upande ule. Bwana Lifti aliingia na ovaroli ya bluu yenye grisi mifukoni, akasimama asipate pa kukaa. Fundi hakuzima cherehani mara moja. Alimaliza mshono kwanza.

"Nimepima," alisema. "Ninao."

Bwana Lifti hakumwambia pole. Alisogeza rundo la mashati, akaketi, machozi yakamtoka kimyakimya, mtu mzima yule. Fundi alimwonea wivu. Angetoa chochote kulia namna ile.

"Nahesabu miaka kumi na miwili, kama baba. Halafu vikombe vitaanza kuanguka."

"Nitanunua vya plastiki."

Kitu kama tabasamu kilimcheza Fundi mdomoni, kikapita.

"Sicheki. Mama alimpenda baba, na alivaa kola miaka mitatu tu. Wewe njia yako iko wazi. Hakuna wa kukushika."

"Najua iko wazi. Nimepita kwenu kila Jumamosi, na kila nikitoka naiona. Ile siku ya kwanza nilikosea, nikakudanganya, nisamehe. Lakini kurudi sikurudi kwa kukosea."

Fundi aliangalia mikono yake mwenyewe juu ya meza. Ilikuwa imetulia. Akavua tepu shingoni.

"Simama. Fungua ukosi wa hiyo ovaroli."

"Unapima nini?"

"Shingo."

Bwana Lifti alijua sasa maana ya kola ya njano. Akasimama, akafungua kifungo, akainua kidevu. Fundi akamzungushia tepu, akaweka kidole chake kati ya tepu na ngozi kama mafundi wanavyofanya ili kola isibane. Pale chini ya kidole mshipa ulikuwa unapiga kwa nguvu, na aliusikia. Alikuwa hajasikia kitu kwa muda mrefu sana, akaogopa, lakini hakutoa mkono.

"Kumi na saba," alisema, akaandika kwenye daftari.

Kisha akapima tena, ingawa fundi anayejua kazi hapimi shingo mara mbili.