Herufi Sita za Jiwe Lililopasuka

Sogeeni, enyi mliokusanyika. Anayenong'ona na anyamaze, na anayejiona msomi auvue usomi wake mlangoni kama avuavyo viatu, kwa maana habari hii inamhusu yeye kabla ya kumhusu mwingine.

Palikuwa na msimamizi wa karakana ya kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina, herufi za shaba, zile zinazobandikwa kwenye milango ya ofisi na kwenye mawe ya makaburi. Watu walimwita Kamusi, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila mchana wenzake walipofungua chakula, alitia mkono ndani ya kopo la herufi, akazimwaga chache mezani, akawataka watafute neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote, hata likiongeza nyingine. Aliyeshindwa alifagia karakana. Kamusi hakuwahi kushika ufagio.

"Haya, mzee wa tanuri," alimwambia fundi aliyeyeyusha shaba. "Leo utatuletea neno, au jasho kama kawaida?"

"Kiingereza changu ni cha asubuhi tu, bosi. Kinaishia gudi moningi."

Wote wakacheka, isipokuwa Kamusi. Alimtazama fundi yule kama mtu atazamavyo kitu kilichonasa kwenye soli. Ole wake! Mungu alimpa Adamu majina ya viumbe, wala hakumpa ili awacheke nayo wanyama.

Siku moja likaletwa jiwe la kaburi lililopasuka, ling'olewe herufi. Desturi ya karakana ilikuwa kwamba herufi iliyokaa juu ya maiti irudi motoni siku iyo hiyo, isichanganywe na nyingine. Kamusi akaona sita zinang'aa: A, E, L, N, R na T. Akazitupia ndani ya kopo.

"Bosi, hizo ni za tanuri," fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Hizo ni herufi. Marehemu hana mtihani."

Mchana ule alichota bila kutazama, zikatoka zote sita, baridi kana kwamba zimelala kisimani, zikinuka udongo mbichi. Na neno likamjia kabla hajalitafuta, kama lililonong'onwa sikioni: *lantern*. Ni taa. Wenzake walikuwa bado wanakuna vichwa.

Jioni, giza lilipoanza kuingia sebuleni, binti yake mdogo alinyoosha kidole darini. "Baba, washa... washa ile..." Mdomo ukafunguka, neno lisitoke. Nyuma ya meno yake kikasikika kitu: kli, kli, shaba ikigonga shaba.

"Anachezea kijiko," Kamusi alisema, akageuza ukurasa wa gazeti.

Siku iliyofuata herufi zilezile zikatoka, na neno likaja: *eternal*, yaani la milele. Usiku wake mtoto alisali na mama yake, wakafika pale pa kumsifu Mungu milele, na mtoto akakwama, kli, kli, machozi yakimtoka. Kesho yake zikatoka tena. Neno likawa *maternal*, la umama. Kamusi aliporudi nyumbani alimkuta mkewe ameketi sakafuni.

"Baba Watoto, haniiti," mkewe alinong'ona. "Tangu mchana ananivuta nguo tu. Na harufu ya udongo inatoka kinywani mwake. Umeleta nini humu ndani?"

"Ushamba wako ndio uliomo humu ndani," Kamusi alijibu. Lakini alikuwa amekwisha kuhesabu: maneno matatu aliyoyapata yeye, matatu yaliyompotea mtoto, na hesabu ilikuwa imetimia.

Mkewe hakungoja ruhusa. Kesho yake alimleta mwombezi, mjane wa mtaa wa pili, naye alipoweka kiganja juu ya utosi wa mtoto, madirisha yakajifunga yenyewe mchana kweupe, na ile kli, kli ikatoka kinywani ikaingia ukutani, ikapanda darini, ikashuka chini ya kitanda, ikawazunguka wote kama mtu anayetafuta kiti chake, mpaka sauti ya kikongwe ambaye hawakuwahi kumjua ikasema kupitia midomo ya yule mtoto aliyekuwa amefumba macho:

"Amezitumia herufi zangu. Nami nachukua neno kwa neno."

"Zirudishe motoni, zote," mwombezi alimwambia Kamusi. "Kisha umwombe radhi uliyemdharau, kwa maneno ya kinywa chako. Si ya kuazima."

Akaenda. Mbele ya tanuri akasema, bila kumtazama fundi usoni, "Sori, mzee." Ndiyo toba aliyoiweza msomi wetu! Akatupa herufi motoni, moja baada ya nyingine, nazo zikapiga kelele kama paka. Zilikuwa tano. Ya sita, ile T, aliifumba kiganjani, akaisukuma mfukoni. Aliwaza: moja haina madhara. Aliwaza pia jinsi ilivyokuwa tamu kushinda.

Nyumbani mtoto alikuwa anaimba. Taa! Milele! Mama! Mama yake alilia kwa furaha.

Wiki haikuisha. Mchana mmoja Kamusi alitia mkono ndani ya kopo, na herufi tano, A, E, L, N na R mpya za kusubiwa jana tu, zikapanda zenyewe kuifuata ile T iliyokuwa mfukoni. Neno likaja, zuri, refu, nao wenzake wakapiga makofi: *paternal*. La ubaba.

Jioni alisimama mlangoni. Binti yake akamkimbilia, mikono wazi, kama siku zote. Kisha akasimama. Kli. Akamchungulia uso kama mtoto amwangaliaye mgeni ambaye mama amesema asimfungulie. Akasema polepole, kwa heshima:

"Shikamoo, Kamusi."

Basi wewe uliyeketi hapo, unayecheka jirani kwa sababu ulimi wake haukupinda kama wako: nina huruma nawe, ndiyo maana sikubembelezi. Ondoka. Nenda kwa uliyemdharau, mtazame machoni, mwombe radhi kwa lugha uliyonyonya. Kisha toa kilichomo mfukoni mwako, ukitupe motoni leo, kabla mwanao hajafika mlangoni.