Mayai Kifuani pa Nozima

Katika nyumba moja ya Marghilon, mji wa hariri, waliishi Sharofat mwenye nyumba, mkaza mwanawe Nozima, binti yake Gulruh, na Davron, mtoto mchanga wa Nozima, ambaye arobaini yake ilikuwa bado.

Kila majira ya kuchipua Sharofat ndiye aliyeangua mayai ya viwavi wa hariri, akiyavaa kifuani kwenye kifuko cha kitambaa. Mwaka huu homa ilimshika, na homa huyapika mayai. Nozima akamhurumia. Mama mkwe huyu humtilia yeye fungu lake la nyama bakulini, ili apate maziwa. Akakivaa kifuko kimyakimya.

"Wifi, mzazi hajatoka arobaini haangui," Gulruh alinong'ona. "Wanaotamani maziwa yako ni wengi kuliko unaowaona."

"Basi nao waje wanyonye," Nozima akatania.

Viwavi wakaanguliwa, wakakataa majani ya mforosadi. Chumba kilichozoea sauti ya kutafuna kama manyunyu kikawa kimya. Hata hivyo walinenepa, weupe, wakinuka maziwa yaliyochacha, huku Davron akikonda. Nozima alimkanyaga mmoja. Akapasuka, yakatoka maziwa ya uvuguvugu.

Mchana mmoja alisinzia akisikia mtoto ananyonya, akampapasa mgongo, akakuta mgongo laini, baridi, wenye mikunjo, akafumbua macho akamwona Davron kule kwenye susu alimolazwa, mdomo wazi, hana hata nguvu ya kulia, na kifuani pake mwenyewe viwavi wamejibandika tabaka juu ya tabaka, wanafura, wanapwita, wanameza.

"Mama," alinong'ona. "Nitolee hawa."

Sharofat alikuja akitambaa, Gulruh nyuma yake na moshi wa isiriki, majani ya kufukuzia mashetani. Walipobandua mmoja, ngozi ilimfuata.

"Ametukaribisha," sauti nyembamba za viwavi zikasema pamoja.

"Mkaza mwanangu huyu ni mtoto bado, hajui kukaribisha," Sharofat akajibu. "Mwanguaji wa nyumba hii ni mimi. Njooni kwenye joto."

"Mama, usifanye hivyo," Gulruh alisema.

"Nyamaza, we. Kamata mtoto."

Akafungua kifua kilichowaka homa. Viwavi wakageuza vichwa, wakamiminika kwake, wakaanza kutoa nyuzi kwa pupa, mmoja mmoja akiiva humohumo, akipasuka, akitiririsha uji wa njano wenye harufu ya mzoga, mpaka Gulruh akatapika mlangoni na Sharofat akaacha kutetemeka.

Jioni Davron alinyonya akashiba.

Sharofat alizikwa kesho yake. Waosha maiti walishindwa kuibandua hariri kifuani pake, wakamzika nayo.