Bendeji Yenye Sahihi

Odoch alikutwa asubuhi kwenye sakafu ya ofisi yake, Bugolobi, amekufa, kichwa kimefungwa bendeji safi kabisa. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyeamua ni muuguzi yupi wa kigeni atambuliwe Uganda na yupi asubiri. Sasa alisubiri yeye: gari la mochwari lilikuwa limekwama kwenye foleni ya Nakivubo.

Inspekta Akwero alichuchumaa. Kona ya kabati la chuma ilikuwa na damu. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa wazi.

"Muuaji gani huyu, afande?" konstebo Opoka aliuliza. "Anaua, halafu anatibu?"

"Soma plasta."

Juu ya plasta iliyoshikilia bendeji paliandikwa tarehe ya jana, saa 17:10, na herufi mbili: V.N.

"Mungu wangu! Ametia sahihi!"

"Wauguzi wakifunga kidonda huandika hivyo. Mkono umezoea, haukiulizi kichwa."

Katika rejesta ya wauguzi wa kigeni waliotambuliwa hakukuwa na V.N. hata mmoja. Katika kabati la faili za wanaosubiri alikuwemo mmoja: Valarie Nanyama, Mkenya, akisubiri kwa miaka minne.

Walimkuta kwenye kliniki moja ya Nateete, akifua mashuka.

"Jana saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Nani alikuona?"

Valarie aliendelea kukamua shuka.

"Bendeji umeifunga vizuri, dada."

Valarie aliliachia shuka. "Nilibana kidonda nusu saa, madam. Lakini damu ilikuwa inatoka na masikioni. Hapo bendeji haisaidii."

"Kwa nini hukuita watu?"

"Ningewaambia mimi ni nani? Nilikaa naye mpaka mapigo yakakatika."

"Alikukosea nini?"

"Barua ya kunithibitisha lazima itoke Nairobi moja kwa moja hadi kwake, imefungwa. Mimi siruhusiwi kuigusa. Miaka minne ananiambia haijafika. Jana alivuta droo atafute kalamu, nikaiona. Hata haijafunguliwa."

"Akasema nini?"

"Akatazama tarehe ya posta, akacheka. 'Kumbe ilikuja! Lakini barua hizi hudumu miezi sita, nyabo. Hii imekwisha muda. Anza upya.' Nikamsukuma. Nilitaka tu aache kucheka."

Kituoni, kabla ya saa sita mchana, Akwero alijaza fomu ya mtuhumiwa.

"Kazi?"

"Mfua mashuka."

Akwero aliandika *muuguzi*, akagonga muhuri wa serikali, akamsogezea karatasi.

Valarie alilisoma neno lile mara mbili.

"Kumbe," alisema, "ni kazi ya asubuhi moja tu."