Swichi Mbili za Darini

Kila asubuhi kabla ya kutoka, Dorothea alizunguka nyumba nzima akizima swichi. Taa ya choo, taa ya korido, feni ya jikoni, hata chaja ambayo haikuwa na simu. Alikulia Moshi, katika nyumba ambayo taa iliyosahaulika ilileta ugomvi wa siku nzima, na kuhamia Pearland, kusini mwa Houston, hakukumbadilisha hata kidogo. Binti yake Ndeshi, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameambiwa "zima unapotoka" mara nyingi mno, hata mkono wake ukazoea kuzima bila kuuliza kichwa.

Alhamisi moja ya Januari baridi kali iliingia, ile ambayo watu wa Houston hawaiwezi, na shule zikafungwa mapema. Ndeshi alirudi akakuta nyumba tupu. Mama alikuwa hospitalini, alikofanya kazi ya uuguzi. Baba, Elimringi, alikuwa ofisini, na jioni angempitia Clara, mdogo wake Ndeshi, kwenye kituo cha kulelea watoto. Ndeshi akaona nafasi ndiyo hiyo. Aliteremsha ngazi ya kukunja, akapanda darini alikokatazwa kabisa kukanyaga, akachukua viatu vyake vya magurudumu. Mama alivificha huko tangu Ndeshi alipovunja chungu cha maua cha jirani.

Alicheza navyo gereji, kwenye chumba cha kuegesha gari, mpaka akachoka, kisha akavirudisha mahali pake ili asigundulike. Alipokuwa akishuka aliona swichi mbili kwenye nguzo kando ya ngazi. Alizima zote mbili, kama alivyolelewa. Moja ilikuwa ya taa. Ya pili ilikuwa ya hita, ile mashine ya kupasha joto nyumba nzima, iliyokaa huko huko darini.

Baba aliporudi na Clara, nyumba ilikuwa imeshapoa. Hilo halikuwa jambo dogo. Clara alikuwa na miezi sita tu, na alikuwa ametoka kuugua nimonia. Daktari alisema waziwazi kwamba kifua chake kisipigwe na baridi. Baba alikwenda kwenye themostati, kidude cha ukutani cha kupangia joto, akakuta kioo chake cheusi. Akakibonyeza. Akakigonga kwa kidole. Akakisemesha kwa Kichaga.

Alipiga simu kwa mafundi, na kila mmoja alimjibu kwamba ana wateja wengi, labda Jumamosi. Maduka yalikuwa yameishiwa hita ndogo. Basi Baba akafanya kosa ambalo wanaume wengi wenye bisibisi hulifanya: aliamua kwamba kazi yenyewe ni ndogo. Alitafuta video kwenye simu, akaibandua themostati ukutani, akachomoa waya zote bila kuzipiga picha. Mtu wa kwenye video alikuwa na waya tatu. Baba alikuwa na tano, za rangi tano, na hakukumbuka hata moja ilikotoka.

"Huyu ananifundisha nyumba ya nani?" alisema, akiitupa simu kwenye kochi. "Na hapa hakuna umeme kabisa. Umekatikia wapi, na taa zinawaka?"

Ndeshi alikuwa amembeba Clara, amemzungushia mablanketi mawili. Aliposikia habari ya umeme kukatika, alikumbuka ile swichi ya pili. Angesema pale pale, jambo lingeisha. Lakini kusema swichi ni kusema darini, na kusema darini ni kusema viatu. Akaona afadhali alitengeneze mwenyewe kimyakimya. Alimlaza Clara kwenye kochi, akasema anakwenda kumletea Baba tochi, akapanda ngazi na kuiwasha swichi.

Chini, Baba alikuwa ameshika waya mbili tupu, nyekundu na ya bluu, na ncha zake zilikuwa zinagusana. Cheche ndogo iliruka. Baba akaziachia, akaruka nyuma, kisha akaduwaa akizitazama. Akairudishia themostati waya zote kwa kubahatisha, lakini haikuwaka. Aliamini ameiharibu moja kwa moja, na akaanza kujilaumu kwa sauti. Ndeshi alishuka na tochi, akampa.

Clara alianza kukohoa. Baba alisema wafungashe nguo, waende Gulfton, mtaa mwingine wa Houston, kwa rafiki yake Thaddée, Mrundi wanayesali naye kanisa moja, wakalale huko. Alikuwa akitafuta ufunguo wa gari Mama alipoingia, koti limelowa, uso umemkakamaa. Barabara za juu zilikuwa na barafu, alisema, na gari la mbele yake lilizunguka mara mbili na kugonga ukuta. Mtoto hatoki. Baba akauliza kwa hasira kama basi abaki ndani agande. Wakabishana pale mlangoni, Clara akikohoa katikati yao.

Mwishowe Mama akavua koti na kumfungia Clara kifuani kwa kanga, ndani ya sweta lake. Akaketi.

"Elimringi, weka bisibisi chini," alisema. "Mgonjwa hafunguliwi kabla ya kuulizwa habari zake. Asubuhi ilikuwa inafanya kazi. Nani ameigusa tangu hapo?"

Baba aliapa kwamba hakuna aliyeigusa. Alikuta imekufa.

Ndeshi alikisikiliza kile kikohozi cha Clara. "Mom, I think I..."

"Kwa Kiswahili, nikuelewe vizuri."

"Ni mimi," Ndeshi alisema. "Nilipanda darini kuchukua viatu. Nikazima swichi zote mbili. Halafu Baba alipokuwa anashika waya, nikaenda nikaiwasha ile nyingine, ili asijue."

Baba aliiweka bisibisi chini. Kisha akasema polepole kwamba kumbe ile cheche haikuwa mazingaombwe. Umeme ulirudi waya zikiwa zinagusana, kwa hiyo kuna fyuzi iliyokatika. Saa nzima alikuwa akiutafuta ugonjwa usiokuwepo, na sasa walau alijua uliopo.

Safari hii alianza kwa kuzima umeme wa hita kwenye swichi kuu, gereji. Alipanda darini, akafungua mlango wa hita, akaikuta fyuzi ndogo kama ya gari, kijiwaya chake kimekatika katikati. Kwenye gari la Mama kulikuwa na ya akiba, ya ukubwa ule ule. Kisha akasoma kwa sauti kila waya ilivyofungwa ndani ya hita, rangi na herufi, na Ndeshi chini akazifunga kwenye themostati vivyo hivyo: nyekundu kwenye R, nyeupe kwenye W, mpaka ya tano. Wakawasha. Kimya. Baba akalalamika kwa sauti iliyofika kwa majirani, akapanda tena, akakuta hajaufunga vizuri mlango wa hita, ambao ukiachwa wazi mashine haiwaki. Akausukuma kwa goti. Kioo kikawaka, na baada ya muda harufu ya vumbi lililoungua ikashuka, na hewa ya moto nyuma yake.

Clara alilala akiwa bado kifuani kwa Mama. Ndeshi alisimama karibu na ukuta, akisubiri kugombezwa kuhusu viatu. Havikutajwa.

"Ulipozima, hukujua," Mama alisema. "Ungetuambia, tungecheka, tukapika chai. Ulipowasha ulijua. Ulijua mikono ya baba yako ilikuwa wapi."

Ndeshi aliuliza, kwa sauti ndogo, kama Baba angekufa.

"Kwa hizo waya nyembamba za ukutani, hapana," Baba alijibu. "Lakini nilikuwa napanga kwenda kuingiza mkono ndani ya hita, na huko umeme ni mkubwa. Ungechelewa kidogo, ungeiwasha swichi mkono wangu ukiwa humo."

Ndeshi aliutazama ule mkono, uliokuwa na masizi mpaka kwenye kiwiko, na ndipo alipoanza kulia.

"Njoo," Baba alisema. "Ukikosea, nitagomba, kwa sababu mimi ni mgombaji. Wewe niambie tu hivyo hivyo. Kelele zangu hazijawahi kumuua mtu."